Kinu Kilichokataa Kugoma

Siku ya tatu ya mgomo, gunia moja la unga lilikutwa limesimama peke yake katikati ya sakafu ya kiwanda, limejaa, limeshonwa mdomo vizuri kabisa, na hakuna mtu aliyekuwa ameingia humo ndani tangu Jumatatu.

Aliyeliona kwanza ni Nikolausi, mlinzi wa lango, ambaye kila asubuhi alichungulia dirishani, si kwa ajili ya ulinzi bali kwa sababu umbea ulikuwa damuni mwake. Alichungulia, akafuta kioo kwa kiwiko, akachungulia tena. Kisha akaenda kumwita Urban Margwe, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, kwa mwendo wa mtu anayetaka kukimbia lakini anaona haya.

"Nani ameingia?" Urban aliuliza.

"Ufunguo si unao wewe mwenyewe, mwenyekiti?"

Ni kweli, Urban alikuwa nao. Ufunguo wa mlango mkubwa ulining'inia shingoni mwake kwa kamba, na mpini wa kuwashia injini ya dizeli aliuficha chini ya kitanda chake tangu siku ile wafanyakazi thelathini na wawili walipotoka nje na kuketi kwenye majani kando ya uzio. Bila mpini ule injini haiwaki, na bila injini mkanda hauzunguki. Hilo lilijulikana na kila mtu, hata kuku wa pale Dongobesh.

Letisia aliyaona hayo yote kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuruhusiwa kukaribia zaidi ya hapo. Alikuwa mjane wa siku kumi na tatu, na mumewe hakufa kwa ugonjwa kitandani. Alikufa kwa damu, ndani ya kile kiwanda. Kwa Wairaqw kifo cha namna hiyo humwacha mjane na kutengwa kunakoitwa metimani. Haruhusiwi kula na watu chombo kimoja, hawapi kitu mkononi, hapokei kitu mkononi. Chakula chake kiliwekwa juu ya jiwe katikati ya barabara, na mwekaji akiondoka ndipo alipokwenda kukichukua. Aligoma pamoja na wenzake, lakini aligoma peke yake, hatua arobaini kutoka kwao, amejifunika shuka.

Mumewe, Bura, alikuwa mshonaji wa magunia. Siku ile ya Alhamisi mkanda uliteleza, akaenda kuurudisha kama walivyokuwa wakifanya wote, maana hapakuwa na wavu wa kuuzuia. Mkanda ulikamata mkono wa koti lake. Walipoizima injini, mkono wa kulia ulikuwa haupo tena, na kilichobaki cha Bura kilitolewa kwa kuviringishwa ndani ya magunia aliyoyashona mwenyewe asubuhi.

Wazee walisema kiwanda kifungwe mwezi mzima, mpaka mwezi mwingine uandame, kwa kuwa mahali palipomwagika damu hubaki wazi, na palipo wazi huingia chochote kilicho karibu. Ndugu Hermani, meneja, hakutaka kusikia. Alikuwa mtu wa kuja, ameletwa na serikali baada ya mlowezi mwenye kiwanda kunyang'anywa, na alivaa suti ya mikono mifupi yenye kalamu tatu mfukoni. Aliamuru mkanda uoshwe. Ijumaa, kabla ya saa sita, kinu kilikuwa kinasaga.

Halafu akatuma ujumbe kwa Letisia: asipofika kazini Jumatatu ya pili, chumba chake kwenye nyumba za wafanyakazi kitapewa mtu mwingine.

Hapo ndipo Letisia alipokosea, na alijua anakosea. Alikuwa na mdogo wake, Philomena, aliyelala naye chumba kimoja na kufanya naye kazi mahali pamoja, na hakuwa na kwingine kwa kumpeleka. Jumatatu alivuka mlango ule na kifo kikiwa bado mabegani mwake, akaketi penye chekeche. Wenzake walijisogeza mmoja mmoja mpaka akabaki katikati ya duara tupu. Saa nane mchana mkanda uliruka kutoka kwenye gurudumu lake bila kuguswa, ukapiga ukuta mara mbili, na mtu mmoja akapiga yowe. Wote wakatoka. Mgomo ulianza hivyo, na madai yalikuwa mawili tu: mkanda uwekewe wavu wa chuma, na kiwanda kifungwe mpaka metimani iishe.

"Kiwanda ni chenu," Ndugu Hermani aliwaambia kutoka ngazi za ofisi yake, akicheka kweli. "Mali ya umma. Sasa niambieni, mnamgomea nani?"

Letisia alitaka kitu kimoja katika dunia hii. Alitaka siku zake za kutengwa zihesabiwe kihalali hadi mwisho, kifo kimtoke, arudi aketi na watu. Ale ugali sahani moja na Philomena. Hakuwa anadai makubwa.

Sasa pale dirishani watu walikuwa wanasukumana. Mmoja wao aligeuka, akamtazama Letisia, akageuka haraka. Mwingine naye akafanya vile vile. Mwishowe Philomena alikuja hadi kwenye lile jiwe la katikati, akasimama hapo na kuongea kwa sauti ya chini, macho yakiwa chini.

"Dada, lile gunia limeshonwa kwa mkono wa kushoto."

"Wanaoshona kwa kushoto ni wengi."

"Na mafundo mawili kwenye sikio."

Letisia alikaza shuka mabegani. Katika kiwanda kizima, na pengine katika wilaya nzima ya Mbulu, aliyekuwa akifunga mafundo mawili kwenye sikio la gunia ni mtu mmoja, naye alikuwa ameshafukiwa.

Alhamisi yalikuwa magunia saba.

Ndugu Hermani alikuja, akachungulia, na wote walingoja aogope. Hakuogopa. Alitazama kwa muda mrefu, akatoa kalamu moja, akaandika kwenye daftari lake. Kisha akafungua mlango mdogo wa ghala, ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye, akawaamuru wapagazi wawili wa lori wayatoe.

"Kumbe wapo wanaojua wajibu wao," alisema alipopita mbele ya wagomaji. "Gomeni. Gomeni hata mwaka mzima."

Lori liliondoka na unga. Hakuna tusi lililowahi kuwaumiza watu wale kama vumbi la lori lile. Walikuwa na njaa, walikuwa wamekaa kwenye baridi ya ukungu siku nne, na sasa marehemu waliyegoma kwa ajili yake ndiye aliyekuwa anawavunjia mgomo.

Jioni hiyo Urban alikuja kwenye jiwe.

"Shemeji Letisia. Pole na baridi."

"Asante, mwenyekiti."

"Mwambie mume wako atuache." Aliongea kama anayezungumza kanisani. "Tumemfanyia nini? Mwambie sisi tuko upande wake."

"Bura ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai wavu," Letisia alisema. "Mwaka jana. Ulimwambia asubiri kikao. Unafikiri huyo huyo angefanya kazi ya bure kwa Hermani?"

Urban alikuna shingo palipokuwa na kamba ya ufunguo. Hakupenda kukumbushwa habari za kikao.

Ijumaa, saa sita mchana, kinu kilianza kusaga.

Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni na kufunika barabara, na wagomaji walikuwa wanagawana viazi, sauti ilipoanza. Haikuwa ya injini. Injini ilikuwa kimya, baridi, mpini wake uko chini ya kitanda. Ilikuwa ya mkanda peke yake: pa, pa, pa, kiraka chake cha ngozi kikigonga gurudumu kila mzunguko, na chini yake mngurumo wa mawe. Harufu ikaja nyuma yake, harufu ya unga uliochacha na ngozi inayoungua. Watu walisimama na viazi mikononi. Mwanamke mmoja alianza kusali rozari akakosea maneno, akaanza upya, akakosea tena.

Letisia alisimama. Alivuka barabara. Watu walipomwona anakuja walimpisha njia pana, na hakuna aliyemkataza, maana wote walitaka mtu mwingine aende kutazama.

Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, na mwanzoni hakuona kitu isipokuwa vumbi jeupe lililojaa hewani kama ilivyo siku ya kazi nyingi, kisha vumbi likapungua kidogo upande wa kushoto na akaona koti, koti lile la kaki alilolitia kiraka mwenyewe begani, na ndani ya koti mgongo wa mtu ameinama kwenye kigoda cha Bura, na mkono wa kushoto unapanda na kushuka ukivuta shazia, ile sindano kubwa ya magunia, unapanda na kushuka bila haraka, kama alivyokuwa akishona Bura akiwa na furaha, na moyo wake ukamsaliti kwa sababu kabla ya kuogopa alifurahi, alifurahi kabisa, akaita jina lake kwa sauti ndogo, na yule akaacha kushona, na ndipo Letisia alipoona mkono wa pili, wa kulia, umelala juu ya goti, mweupe kwa unga, mrefu, vidole vyake vikigusa sakafu, akakumbuka kwamba Bura alizikwa na mkono mmoja.

Kilichokuwa ndani hakikugeuka. Kiliongea tu, kwa sauti ya Bura, sauti ya mtu anayeulizia jambo la kawaida la kazi.

"Zamu ya nani?"

Letisia aliuma ulimi wake mpaka akaonja chumvi ya damu. Hakujibu.

Aliporudi nyuma, aliwaambia wote waziwazi. Yule si Bura. Ni kitu kilichopita palipoachwa wazi, kimevaa alichokikuta. Wakifunge kiwanda, wasifungue mlango wowote, wamalize siku kama walivyodai.

"Hicho ndicho tulichogomea!" aliwaambia. "Tulieni tu, mwezi uandame."

Lakini watu walioogopa hawakutaka mwezi. Walitaka leo.

Jumamosi Ndugu Hermani aliingia na wapagazi wake kuchukua magunia. Wapagazi walitoka wakikimbia, wakapita lango, wakalipita lori lao, wakaendelea kwa miguu kuelekea Mbulu. Meneja alitoka baadaye, taratibu, nywele na nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga. Kalamu zake hazikuwepo. Mkono wa kulia wa koti lake ulikuwa umechanika kutoka begani hadi kwenye pindo, na aliushika mkono wenyewe kwa mkono mwingine kana kwamba anauhesabu.

"Kuna mtu ananiuliza zamu," alimwambia Urban.

Na hapo wawili wale, ambao kwa wiki nzima hawakuwa wamepeana hata salamu, waliingia ofisini wakafunga mlango. Walipotoka walikuwa wanaitana ndugu.

Jumapili baada ya misa waliletewa Mzee Sulle kutoka Tlawi, mganga aliyeheshimika, mwembamba, mwenye jicho moja lililofunikwa na ukungu. Alizunguka kiwanda mara moja. Alinusa dirisha. Hakutia mguu ndani.

"Shikamoo, mzee," Urban alisema. "Tusaidie."

"Marahaba. Mnajua dawa yake. Fungeni."

"Haiwezekani," alisema Ndugu Hermani. "Unga huu umeahidiwa vijiji vipya. Watu wamehamishwa, hawajavuna. Wakubwa wanapiga simu kila siku."

"Basi wakubwa waje wasage wenyewe," Mzee Sulle alisema, akaanza kuondoka.

Urban akamfuata, akamshika kiwiko. "Mzee, njia ya mkato haipo?"

Mzee alitazama kondoo mweusi aliyefungwa kwenye nguzo, aliyenona vizuri, zawadi ya kamati na menejimenti kwa pamoja. Alitazama kwa muda. Ningependa kusema kwamba alisita kwa ajili ya dhamiri.

"Kifo kina mwenyewe," alisema hatimaye. "Aliyekileta mlangoni anaweza kuondoka nacho. Mjane avushwe mto huu ulio karibu na kiwanda, akae ng'ambo mpaka masika mawili yapite. Mtu yeyote asimsemeshe. Akiita, asiitikiwe. Akiuliza, asijibiwe. Atakayemjibu atakuwa amekirudisha. Kitamfuata huyo aliyejibu."

Mkutano ulifanyika palepale uwanjani. Urban aliutangaza kama ushindi. Menejimenti imekubali wavu wa chuma, hakuna atakayefukuzwa kazi, kesho kutwa wanaanza. Watu walipiga makofi. Dai la pili, alisema, limepatiwa utaratibu mwingine. Wanaounga mkono wanyooshe mikono.

Letisia alikuwa ng'ambo ya barabara. Aliisoma mikono ile mmoja mmoja, mikono aliyoijua, iliyomsaidia kuchimba kaburi. Nikolausi alinyoosha wote wawili. Philomena alikuwa amesimama nyuma, na Urban alikuwa amemwambia mapema kwamba chumba kitabaki kuwa chake na kigoda cha Bura kitakuwa chake, kazi ya kushona, kazi nzuri ya kukaa. Msichana aliutazama uso wa dada yake, akaanza kulia, na akiwa analia hivyohivyo akanyoosha mkono.

Walimvusha Jumatatu asubuhi. Walimpa chungu kimoja, shuka, na debe la mahindi, vyote vimewekwa chini avichukue mwenyewe. Wanawake walifuata nyuma wakimwaga majivu juu ya nyayo zake. Alimwita Urban, hakuitika. Aliwaita wanawake kwa majina ya watoto wao, wakatazama maji. Alipofika ng'ambo aligeuka na kusema, "Philomena, usikae kwenye kile kigoda," na Philomena akaziba masikio kama alivyofundishwa.

Kibanda chake kilikuwa cha matawi, juu ya kilima kidogo, na kutoka hapo alikiona kiwanda chote, bati lake na mlango wake mkubwa. Aliketi kukingoja kile kitu. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa, akisikiliza kila jani, akinusa upepo kutafuta unga uliochacha, akijiuliza kitakuja kwa miguu au kwa sauti, na kama kikiita kwa sauti ya Bura atakuwa na nguvu ya kunyamaza mara ya pili. Jioni ilipita. Pakakucha. Umande ulikuwa juu ya majani kuzunguka kibanda, mzima, haujakanyagwa na chochote.

Hapakuwa na harufu, hapakuwa na sauti. Letisia alivuta pumzi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuta pumzi nzima tangu ile Alhamisi. Alikaa hivyo kidogo, akiota jua, akiwa karibu na raha.

Halafu akaelewa. Hakikumfuata. Hakijatoka kiwandani.

Chini, mlango mkubwa ulikuwa wazi na watu walikuwa wanaingia kwa mstari. Letisia alikimbia. Aliteremka kilima akianguka na kuinuka, akafika kwenye ukingo wa mto, akapiga kelele mpaka sauti ikapasuka.

"Msiingie! Kimo humo! Hakikunifuata! Philomena!"

Walimsikia. Mto ule si mpana, hata kikohozi kinavuka. Mstari wote ulimgeuzia mgongo kwa pamoja, kwa adabu, kama kanisani. Urban alianza kuimba wimbo wa kazi ili wasisikie, na wengine wakaupokea. Philomena alisimama kizingitini. Alisimama kwa muda, bega moja limegeuka kidogo upande wa mto, na Letisia aliona kabisa kwamba anataka kugeuka. Mtu wa nyuma akamsukuma, akaingia.

Injini iliwaka. Mkanda ukaanza. Kwa dakika chache ilikuwa sauti ya kiwanda chochote duniani.

Kisha kelele moja, fupi, na wimbo ukakatika.

Walitoka wakikanyagana, weupe kwa unga, na kwa kuwa hawakujua pa kwenda walikimbilia mtoni. Walisimama ukingoni mwa upande wao, wakihema, thelathini, mbele ya Letisia aliyekuwa ndani ya maji hadi magotini. Nyuma yao mtu alikuwa ameizima injini, lakini kinu kilikuwa bado kinasaga. Ndugu Hermani alikuja wa mwisho, akakaa chini kwenye matope na suti yake.

Letisia alizipitia nyuso zote, akarudia kutoka mwanzo.

"Philomena yuko wapi?"

Urban alifungua mdomo. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akamziba haraka kwa kiganja.

"Urban. Mdogo wangu yuko wapi? Nikolausi, wewe huwa unaona kila kitu. Yuko hai?"

Nikolausi alitazama miguu yake. Mmoja alikuwa analia kimyakimya, meno yamekazwa. Waliogopa zaidi kuliko walivyowahi kuogopa, na kwa sababu hiyo waliishika amri ya mganga zaidi kuliko walivyowahi kuishika. Letisia aliuliza mara ya tatu, kwa upole sasa, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Wote thelathini walikuwa wanajua jibu, na hakuna aliyemjibu.